Tafuta upepo kwanza: namna ya kufaidi filamu na riwaya za manowari za matanga ukiwa nyumbani

Watu wengi huzima filamu za manowari za matanga kabla nusu saa haijapita. Ukiwauliza watakwambia hawajui nani anampiga nani, mabaharia wanapigiana kelele za kamba na milingoti, na mizinga ikishaanza kulia skrini nzima ni moshi mtupu. Riwaya ndiyo kabisa. Ukurasa wa tatu tu mtu keshakutana na majina ya matanga chungu nzima, anafunika kitabu anarudi kwenye simu.

Shida hapo si Kiingereza wala kamba. Shida ni upepo. Katika hadithi hizi upepo ndio injini, ndio mafuta, ndio nusu ya mbinu za vita, na mtunzi anaandika kana kwamba tayari unajua unatoka upande gani. Ukishaujua, makelele yale yanageuka amri zenye maana, na utaanza kubashiri nahodha atafanya nini kabla hajafungua mdomo. Nimeandika nikifikiria zaidi vita vya Uingereza na Ufaransa vya 1793 hadi 1815, maana huko ndiko riwaya na filamu nyingi za aina hii zilikotia nanga.

Hatua ya 1: Anza na filamu moja tu

Usikusanye orodha ya filamu ishirini. Chukua Master and Commander: The Far Side of the World ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Peter Weir. Russell Crowe ni Kapteni Jack Aubrey, Paul Bettany ni rafiki yake Dakta Stephen Maturin. Mwaka ni 1805. Manowari ya Kiingereza Surprise, yenye mizinga 28, inatafutana na meli ya Kifaransa Acheron iliyo kubwa kuliko yenyewe, yenye mizinga mingi zaidi na kasi zaidi, kuanzia pwani ya Brazil mpaka Pasifiki. Mmoja anafukuza, mwingine anakimbia, kisha wanabadilishana. Basi. Hakuna njama za kukuchanganya, kwa hiyo akili yako inabaki na nafasi ya kutazama bahari.

Naichagua pia kwa sababu haidanganyi sana kuhusu upepo. Walitumia merikebu halisi, Rose, iliyoundwa Kanada mwaka 1970 na ambayo sasa iko kwenye jumba la makumbusho ya bahari la San Diego. Sehemu nyingine walipiga kwenye bwawa kubwa la studio huko Mexico, na visiwa vya Galápagos unavyoviona ndani ya filamu ni Galápagos kweli. Ilipata Oscar mbili, moja ya upigaji picha na moja ya uhariri wa sauti. Hiyo ya sauti ikumbuke, nitairudia.

Mpenzi wa tamthilia za Kikorea ana mlango wake: The Admiral: Roaring Currents ya 2014, kuhusu Admirali Yi Sun-sin na vita vya Myeongnyang vya mwaka 1597. Huko upepo unampisha mkondo wa maji. Yi ana merikebu 13 dhidi ya zaidi ya 130 za Wajapani, na anawangojea kwenye mlango mwembamba wa bahari ambako maji yakigeuka yanakwenda kwa nguvu za kutisha. Aliyekulia pwani, anayejua maji kujaa na kupwa, ataielewa haraka kuliko mtu wa bara. Korea Kusini peke yake tiketi zaidi ya milioni 17 ziliuzwa.

Kwa anayependa kutazama kidogo kidogo kuna mfululizo wa Hornblower wa televisheni, vipindi vinane vya kati ya 1998 na 2003. Kila kipindi kinajitosheleza. Hadithi ya maasi ya 1789 kwenye merikebu ya Kiingereza Bounty nayo ina filamu kubwa tatu, za 1935, 1962 na 1984. Mimi naipenda ya mwisho, maana Kapteni Bligh, nahodha aliyeasiwa na kushushwa chomboni, amepewa haki yake kidogo. Mtu aliyeendesha mashua ya wazi na wenzake 18 kwa maili za bahari zipatazo 3,600 mpaka Timor hawezi kuwa mjinga wa kuchekwa tu.

Hatua ya 2: Rimoti, kiberiti na feni

Fanya hili kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza. Ni dakika kumi tu, na ndiyo hatua ambayo ukiiruka mengine yote yatapwaya.

Kaa kwenye meza. Rimoti ya televisheni ni merikebu yako, kiberiti ni adui, na feni iliyo upande mmoja wa chumba ndiyo upepo. Sasa ielekeze rimoti moja kwa moja kwenye feni. Haiendi. Chombo cha tanga hakiwezi kuukabili upepo uso kwa uso, na merikebu za aina hii ni nzito kuliko jahazi katika jambo hilo, kwa sababu matanga yake ya mraba yametundikwa kwenye foromali, zile boriti zinazokatiza milingoti. Ilichoweza merikebu nzuri ni kuukaribia upepo kwa pointi sita za dira, yaani kiasi cha digrii 67. Kwa hiyo nahodha anayetaka kufika upepo unakotoka lazima aende bishi: upande huu kidogo, ageuze, upande ule kidogo, ageuze tena.

Kwenye kugeuza ndiko moyo unakodunda. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupitisha omo, yaani sehemu ya mbele ya merikebu, katikati ya upepo. Ni ya haraka, lakini ikishindikana chombo kinabaki kimeduwaa kikiukabili upepo, matanga yamejibana kwenye milingoti, na merikebu inaanza kurudi kinyumenyume huku adui anakupiga apendavyo. Ya pili ni kuzunguka kwa kupitisha tezi, yaani sehemu ya nyuma. Hiyo ni salama, ila unapoteza nafasi uliyoipigania. Ukiona nahodha anauma meno huku afisa wake anamtazama akisubiri amri, mara nyingi anachagua kati ya hizo mbili.

Weka sasa kiberiti mbali na feni na rimoti karibu nayo. Wewe uko joshini, upande upepo unakotoka; adui yuko demani, upande unakokwenda. Wewe ndiye unayeamua vita vianze saa ngapi, kwa sababu unaweza kumshukia wakati wowote naye hawezi kukujia. Lakini ana faida zake. Kwanza, akitaka kukimbia anageuza tu na kuondoka na upepo. Pili, upepo ukiwa mkali vyombo vyote viwili vinalalia demani, kwa hiyo mizinga yako inayomwelekea inatazama maji, na madirisha ya mizinga ya chini huenda usiweze hata kuyafungua. Yake inatazama juu, kwenye milingoti yako. Hiyo ni sababu mojawapo ya Wafaransa kupendelea kupiga matanga na kamba ili waweze kuondoka, na Waingereza kupendelea kupiga mwili wa merikebu.

Jambo la mwisho la mezani. Geuza kiberiti mpaka kitako chake kiangalie ubavu wa rimoti. Ubavu wa manowari ni mbao nene za mwaloni. Tezi ni madirisha ya vioo ya chumba cha nahodha. Tufe likiingia hapo linapita sitaha nzima kutoka tezi hadi omo na kufyeka kila kilicho njiani. Kile kiini macho cha kuzungukana kwenye filamu, nusu saa ya amri na kamba, mara nyingi ni watu wawili wanaogombea nafasi hiyo moja.

Ukiwa mbele ya skrini, upepo utaupata hivi: tazama bendera, tazama moshi unakokwenda, kisha tazama upande gani wa sitaha umeinuka. Upande ulioinuka ndio joshi. Na kama huoni chochote kati ya hivyo, tafuta nahodha kasimama wapi. Kwa desturi ya manowari za Kiingereza, upande wa joshi wa sitaha ya nyuma ulikuwa wake, na maafisa wengine waliuhama akitokea.

Hatua ya 3: Chumba, sauti na bando

Hapa nitakwenda haraka. Filamu hizi zina usiku mwingi na ukungu mwingi, kwa hiyo funga pazia na uzime taa. Kwenye mipangilio ya picha ya televisheni chagua hali ya filamu, na kama kuna kile kipengele cha kulainisha mwendo kizime, maana kinaifanya bahari ionekane kama tamthilia ya mchana. Washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni cha kuringia. Mabaharia wanaongea huku wanakimbia, na upepo unavuma juu yao.

Sauti ndiyo ya kugharimia. Spika za televisheni nyembamba hazitoshi. Visikio vya masikioni vya bei ya kawaida vitakupa zaidi. Katika Master and Commander utasikia mbao zikilia chini ya sitaha, maji yakipita ubavuni, na kengele. Kengele ina kazi: inapigwa kila nusu saa, moja, kisha mbili, mpaka nane, hapo zamu ya saa nne imekwisha na watu wanabadilishana. Ukizoea utajua ni saa ngapi bila kuambiwa. Kwa sababu hiyo hiyo nashauri, kwa filamu za aina hii, uachane na zile nakala zenye mtu anayetafsiri juu ya sauti. Nazipenda sana kwenye filamu za ngumi. Hapa zinafunika nusu ya hadithi.

Filamu ya zaidi ya saa mbili kwa ubora wa juu inakula GB kadhaa, basi ipakue mapema kwenye Wi-Fi au wakati wa bando la usiku. Laptopu iwe imejaa chaji. Umeme una tabia ya kukatika meli inapokaribia Cape Horn.

Hatua ya 4: Chakula cha baharia, kwa anayetaka

Si lazima, lakini watoto wanakipenda na kinaeleza mambo ambayo filamu haina muda nayo.

Biskuti ya merikebu: vikombe viwili vya unga wa ngano usiokobolewa, kijiko cha chai cha chumvi, na maji kiasi cha nusu kikombe. Kanda donge gumu, gumu kuliko la chapati mpaka mkono ulalamike. Sukuma unene wa nusu sentimita na ushee, kata vipande vya mraba, toboa matundu kwa uma. Oka kwenye moto wa kadiri, kama digrii 190, nusu saa kila upande. Huna oveni, tumia sufuria kavu na mkaa, moto wa juu na wa chini, ila uwe mdogo. Ziache zikauke siku nzima. Usijaribu kuzing'ata zikiwa kavu, meno yako bado una kazi nayo. Mabaharia walizigonga mezani fukusi watoke, kisha wakazilowesha.

Kitoweo chake: kaanga vitunguu, tia viazi vilivyokatwa, maji, pilipili manga na nyama ya kopo, kisha ponda biskuti mbili tatu utie ili mchuzi uwe mzito. Usiongeze chumvi kabla ya kuonja. Nyama yao ilikaa kwenye mapipa ya chumvi miezi na miezi, ya kopo inakaribia ladha hiyo bila mateso yake.

Kinywaji kiwe maji ya limau na sukari. Wao walichanganya na ramu, wewe achana nayo. Limau lina historia yake: mwaka 1747 daktari James Lind, akiwa kwenye manowari Salisbury, aliwagawa wagonjwa 12 wa kiseyeye katika jozi na kuwapa dawa tofauti. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka. Hata hivyo jeshi la majini la Uingereza lilikawia mpaka 1795 kuanza kutoa maji ya limau kwa mabaharia wake. Miaka karibu 50 ya watu kung'oka meno, dawa iko sokoni.

Hatua ya 5: Tazama mara mbili

Mara ya kwanza usisimamishe. Wacha ikupeleke, hata usipoelewa. Mara ya pili, wiki nyingine, kaa na rimoti na usimamishe kwenye sehemu tatu.

Ya kwanza ni ufunguzi wa ukungu. Angalia watu wanavyokimbilia nafasi zao: vizuizi vya vyumba vinaondolewa, mizinga inafunguliwa kamba, watoto wanapokea baruti. Mzinga wa ratili 32, yaani unaopiga tufe la uzito huo, uliobebwa na merikebu kubwa zaidi kuliko Surprise, ulikuwa na uzito wa karibu tani 3 na ulirudi nyuma kwa kishindo kila ulipopigwa. Kundi lililofunzwa vizuri liliweza kupiga mara tatu ndani ya dakika tano. Pima kwa saa yako.

Ya pili ni ujanja wa usiku wenye taa. Siutoboi. Nitasema tu kwamba ukiufanya mezani kwa rimoti na kiberiti utaona kwa nini ulifaa usiku tu.

Ya tatu ni Cape Horn. Sehemu hii niliitazama pamoja na ami yangu, ambaye ujanani alifanya ubaharia wa majahazi ya boriti. Kiingereza hakimsumbui wala yeye hakisumbui. Muda wote alikuwa kimya na kahawa yake. Mlingoti wa nyuma ulipovunjika juu, ukaangukia majini huku bado umeshikwa na kamba zake, akaweka kikombe chini. "Zikateni! Zikateni hizo kamba!" Nikamwambia, "Ami, mtu wao yupo kule majini anauogelea." Akanijibu bila kunitazama: "Namwona. Tanga likilowa ni nanga. Litawageuza ubavu, wimbi linalofuata wote wamekwenda." Sekunde chache baadaye nahodha kwenye skrini akafikia uamuzi uleule, shoka likaletwa. Filamu haielezi kwa maneno kwa nini. Inakutegemea ujue.

Angalizo kwa wazazi: kuna mtoto anakatwa mkono, kuna upasuaji wa kuogofya, na kuna baharia anayejiua baada ya wenzake kumwona ana mkosi. Mtoto wa chini ya miaka 12 akae na mtu mzima wa kumweleza. Wale maafisa wanafunzi wadogo unaowaona si chumvi za Hollywood, kwani watoto wa miaka 12 na 13 kweli walipelekwa manowarini.

Hatua ya 6: Hamia kwenye riwaya

Mtunzi wa akina Aubrey na Maturin ni Patrick O'Brian. Aliandika riwaya 20 kamili kati ya 1969 na 1999, akafa Januari 2000 akiwa na ya 21 mkononi. Filamu imechota vipande kwenye vitabu kadhaa. Katika kile kilichoipa jina lake la pili, adui ni Mmarekani wa vita vya 1812. Kwenye filamu akageuka Mfaransa, na si vigumu kukisia kwa nini wenye studio walipendelea hivyo.

Anza na cha kwanza, Master and Commander. Kinafunguka bandari ya Port Mahon, kisiwani Minorca, kwenye tamasha la muziki, Aubrey akipigapiga mdundo kwa mkono na jirani yake Maturin akimchukia kwa hilo. Wanakaribia kupigana kabla ya kuwa marafiki. Faida yako kubwa ni kwamba Maturin hajui lolote la merikebu. Akielezwa milingoti, wewe unaelezwa. Vita vikubwa vya kitabu vimetokana na tukio la kweli la Mei 1801, pale Thomas Cochrane na chombo chake kidogo Speedy, mizinga 14 na watu 54, alipoiteka Gamo ya Wahispania yenye mizinga 32 na watu 319. Alijibana ubavuni mwa adui kiasi kwamba mizinga ya Gamo ikawa inapiga juu ya vichwa vyao. Ukifika hapo weka rimoti na kiberiti vigusane, utaona.

O'Brian ni mzito, sifichi. Kama Kiingereza chake cha kuiga karne ya 19 kinakuchosha, tangulia na C. S. Forester na Hornblower wake, aliyeanza kuchapishwa mwaka 1937. Sentensi ni fupi, na shujaa ni mtu mwenye wasiwasi ambaye anatapika chombo kikiyumba. Kwa asiyetaka kulipa, Frederick Marryat haki zake zimekwisha muda, anapakuliwa bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, na tovuti ya LibriVox ina sauti za kusomewa. Marryat hakusimuliwa, alipigana chini ya Cochrane huyohuyo akiwa kijana. Katika Mr Midshipman Easy ya 1836 kuna Mesty, Mwashanti wa ukoo mkubwa aliyewahi kuwa mtumwa. Ndiye mwenye akili kuliko wengi kitabuni, na bado mwandishi anamchezea lugha yake kwa dhihaka ya zama zile. Usome ukijua. Kijana wa nyumbani anayetaka Kiswahili atafute Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya Treasure Island ya R. L. Stevenson, kwa wauza vitabu vya zamani. Ni maharamia badala ya manowari, lakini kitamzoesha chumvi.

Namna ya kusoma bila kuchoka ni hii. Neno likitaja kamba au tanga, liruke, utalijua polepole au usilijue kabisa, haidhuru. Neno likitaja upande, simama. Windward ni joshini, leeward ni demani, starboard ni kulia ukitazama omo, larboard ni kushoto. Kwa hayo manne chora kwenye karatasi mshale wa upepo na mistari miwili ya merikebu, uendelee kuisogeza kadiri vita vinavyoendelea. Karatasi moja kwa kila pambano. Nazihifadhi ndani ya vitabu vyangu, na mpaka sasa sijaona ramani ya mchapishaji inayozipita.

Jambo jingine la kushika ni fedha. Merikebu ya adui ikitekwa iliuzwa na mgawo kutolewa. Mpaka 1808 nahodha aliyekuwa chini ya admirali alipata robo nzima ya thamani, admirali alichukua sehemu moja ya nane hata kama hakuwepo, na mamia ya mabaharia wa kawaida waligawana robo. Ukilijua hili, utaelewa kwa nini Aubrey anayatazama matanga ya mbali kwa macho ya mtu mwenye madeni.

Hatua ya 7: Usimeze kila kitu

Matufe ya mizinga yale yalikuwa chuma kitupu. Hayakulipuka. Filamu ikikuonyesha ndimi za moto kila tufe linapotua, huyo mwongozaji anakudanganya. Kilichojeruhi watu wengi ni vibanzi vya mbao vilivyoruka. Pia vita havikuwa vya haraka: Trafalgar, 21 Oktoba 1805, merikebu 27 za Waingereza ziliziona 33 za Wafaransa na Wahispania alfajiri, na kwa upepo hafifu wa siku ile mizinga ikaanza kulia karibu saa sita mchana. Watu walikula, walivaa, waliandika wosia. Na magonjwa na ajali viliua mabaharia wengi mno kuliko adui.

Kisha kuna suala la nani ni shujaa. Hadithi nyingi hizi zimeandikwa na Waingereza, na sisi wa pwani hii tuna sababu ya kuzisoma kwa jicho la pembeni. Manowari zao zilikuja huku kuzuia biashara ya watumwa, na moja yao, iliyoitwa London, ilikaa bandarini Zanzibar kuanzia 1874 hadi 1883. Lakini manahodha wa manowari hizo walilipwa tuzo kwa watumwa waliookolewa au kwa tani za chombo kilichokamatwa, na majahazi ya wafanyabiashara wasiokuwa na hatia nayo yaliunguzwa. Kapteni G. L. Sulivan aliandika kitabu kuhusu ufukuzaji huo mwaka 1873. Ukisome sambamba na riwaya, uulize nahodha wa jahazi angeandika nini.

Hatua ya 8: Vya karibu na kwetu

Ukishazoea, tafuta Shout at the Devil ya 1976. Ina msingi wa kweli, ingawa umepakwa rangi nyingi: manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha kwenye delta ya Rufiji, na ikaangamizwa Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake wakapigana nayo nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Palepale Fort Jesus kuna vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama bandarini mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira ngome, na wazamiaji wakaichunguza kati ya 1977 na 1980. Anayeishi Mombasa au anayepita atumie asubuhi moja pale kabla ya kufungua riwaya nyingine.

Na yule Forester wa Hornblower ndiye aliyeandika The African Queen mwaka 1935. Filamu yake ya 1951, iliyopigwa kwa sehemu Uganda na Kongo, ilimpa Humphrey Bogart Oscar. Meli ya Wajerumani ndani yake inamkumbusha kila mtu wa Kigoma Graf von Götzen, ile waliyoizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Itazame ukiwa na mtu aliyewahi kuipanda, halafu mwache akusahihishe.